Miti Arobaini ya Mama Miche

Benchi la kona lilikuwa na umri wa wiki tatu tu, na wanakijiwe walilionea fahari utadhani gari jipya. Lilisimama chini ya mti mkubwa uliopandwa na marehemu baba yake Mama Miche, nje kidogo ya ukuta wa kitalu chake. Randa, seremala, ndiye aliyelitengeneza. Tarumbeta, mziba pancha, ndiye aliyelipigia kelele. Mzee Birika aliuza kahawa na kufagia kona kila asubuhi. Siku hiyo Mama Miche naye alitoka, fomu mkononi, kalamu sikioni, moyo mzito. Miti arobaini ya mapambo aliyoagiza kutoka nje ilikuwa imemaliza wiki tatu karantini, ndani ya banda la wavu. Saa nane mchana afisa wa afya ya mimea angekuja kuchukua fomu. Hatari ikionekana ndogo, miti itatoka na kupandwa ubavuni mwa miti iliyopandwa na baba yake, anayoikatia vipandikizi tangu usichana wake. Akikosea, ataiua yote.

— Wanauliza hivi, alisema. Kwanza, mdudu au ugonjwa unaweza kuingia kwa njia gani? Pili, ukiingia utaenea? Tatu, ukienea utaharibu nini?

— Andika hakuna, hakuna, hakuna, alisema Tarumbeta. Halafu unywe kahawa.

— Mti si tairi, Tarumbeta. Tairi likioza linaoza peke yake.

— Kwani cheti huna?

— Ninacho. Kinasema ilikaguliwa siku ya kupakiwa. Hakisemi ililala wapi njiani.

Randa alipuliza kahawa yake.

— Mimi mdudu wa nje hanitishi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Akija, wadudu wetu watajifunza kazi.

— Huyo mgeni hana adui huku, Randa. Ndege hawamjui, sisimizi hawamjui. Kwao alikuwa akila jani moja kwa woga. Huku atakula shamba zima.

Randa aliinamia kikombe chake. Lakini kijiwe na ukimya havikai nyumba moja.

— Nisikilizeni! alisema Tarumbeta. Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake nini? Wadudu wanaingia kwenye mapindo ya suruali za mabaharia! Suruali zote zipigwe pasi kabla watu hawajashuka melini.

— Wakiwa wamezivaa? aliuliza Mzee Birika.

— Hapo ndipo dawa inapoingia.

— Mabaharia mnawaonea bure, alisema Randa. Hawa wadudu wanatumwa. Kuna tajiri mahali ana kiwanda cha maua ya plastiki. Mti wa kweli ukifa, nani anacheka?

— Hee! alisema Tarumbeta. Na mdudu akifika anapeleka taarifa!

— Bila taarifa atalipwaje?

Mama Miche alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Alipoiokota, kicheko kilikuwa kimekwisha.

— Baba alikuwa akiniambia, mti hauwezi kukimbia, wewe ndiwe miguu yake. Nimekagua jani kwa jani kwa lenzi, juu na chini. Mizizi nimeichungulia. Maji yanayochuruzika nimeyachimbia shimo yasitoke nje. Sijaona kitu. Na bado naogopa, jamani.

— Kama hukuona, hakuna, alisema Randa kwa upole. Haba na haba hujaza kibaba.

Methali haikuhusu, ila upole ulimwingia. Mama Miche aliweka fomu gotini, na kwenye swali la kwanza akaandika: Hakuna.

Pale mwisho wa benchi alikuwa amekaa mwanamke mgeni aliyeleta tairi la baiskeli kuzibwa. Aliinama kuchukua mkoba wake chini, akaanza kuupangusa.

— Samahani, jamani. Nani amekata mbao hapa leo?

Chini ya benchi palikuwa na unga mweupe, laini, vilima vitatu vidogo.

— Mimi tangu nilipolipigilia sijaligusa, alisema Randa.

— Nimefagia asubuhi, alisema Mzee Birika taratibu. Na jana. Na juzi. Nikidhani ni vumbi la barabara.

Mama Miche aliutambua: unga wa mdudu anayetoboa mbao. Na mbao za benchi zilikuwa za makreti yaliyoleta miti yake. Yeye mwenyewe alimpitishia Randa juu ya ukuta, akamwambia achukue tu, kinachokaguliwa ni miti.

— Randa, zilikuwa na muhuri wa kupitishwa kwenye joto la kuua wadudu?

— Zilikuwa na maandishi maandishi. Nilipiga randa pande zote, yakatoka, mbao zisiwachanie suruali.

— Na egemeo la benchi umelipigilia wapi?

Randa aliutazama mti, kisha akatazama viatu vyake.

— Kwenye shina, dada. Lisiyumbe.

Hakuna aliyebaki amekaa. Mama Miche alipiga magoti, akapitisha kiganja pale ubao ulipokutana na gome la mti wa baba yake. Kiganja kilirudi na unga. Wa ubao au wa mti, hakujua.

— Nimeuliza vibaya? alisema mgeni.

Tarumbeta aliweka kikombe chini. Mama Miche alikaa palepale chini, akafuta neno alilokuwa ameandika, na juu yake akaandika polepole: Mbao za makreti. Nilizitoa mwenyewe.