Bi Mizani na Taka za Ijumaa ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mratibu wa mazingira wa chuo chetu, ambaye sote tunamwita Bi Mizani, anastaafu tarehe 30 Juni.

Alianza kama karani wa stoo. Chuo kilipotaka kujua kinatumia maji na umeme kiasi gani, na kinatupa nini, wengi wetu tuliikwepa kazi hiyo. Yeye akaivalia njuga. Alisoma mita za mabweni, akazima taa zilizosahauliwa madarasani, na kila Ijumaa akapima taka za kila kitivo kwa mizani iliyoning'inia nyuma ya karakana. Mume wake hulalamika kwamba hata nyumbani humzimia taa, gazeti likiwa bado mkononi.

Vitivo vikaanza kutaniana, kisha kushindana, na mifuko ikazidi kuwa myepesi. Bi Mizani alikuwa na ndoto moja: kabla hajaondoka, taka za chuo zipungue hadi nusu ya zile za mwaka wa kwanza wa kupima. Aliirudia kila kikao, hata wageni wakaijua.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho. Nasi, kwa kumpenda, tukaharibu: mifuko kadhaa tuliificha kwenye buti za magari yetu. Mizani ikaonyesha chini ya nusu, tukapiga makofi na vigelegele. Yeye akachungulia mfuko wa Kitivo cha Sheria, akauliza tangu lini wanasheria wakamaliza wiki nzima bila majani ya chai. Kila mtu akatazama viatu vyake.

Hakutugombeza. Alituambia turudishe kila mfuko, kwa upole wa mama anayewajua wanawe. Tukapima upya, na taka zikazidi nusu kwa kilo chache. Akaandika hivyohivyo ubaoni, machozi yakimlengalenga, nasi tukashindwa kumtazama. Kisha akacheka, akasema: "Hizo zilizozidi nawaachia nyinyi, wanangu. Mkizipunguza, nipigieni simu. Mkizificha, msinipigie."

Bi Mizani, asante kwa kutupenda bila kutudanganya. Tutakukumbuka sana, hasa siku za Ijumaa. Tunakuombea afya, furaha na usingizi wa asubuhi usio na mita za kusoma. Mwachie mzee taa yake amalize gazeti, na simu usiiweke mbali. Tutapiga.