Daktari Hosaka na Sahani ya Tatu

Daktari Hosaka Chizuru anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya kuitumikia Shule ya Soka ya Takakusa kwa miaka ishirini na saba. Alipoajiriwa alipewa stoo ya mipira kuwa ofisi, na hakuna aliyekumbuka kuitoa mipira.

Kazi yake ilikuwa kupima miguu ya watoto: misuli ya paja ina unene gani, inaongezekaje mtoto anaporefuka, na mpira unakwenda kasi gani ukipigwa. Makocha walitaka jibu moja tu, nani atakuwa na shuti kali. Mwaka wa kwanza alilitoa bila kusita: mwenye paja nene. Wiki hiyohiyo mtoto mmoja mwenye miguu kama vijiti vya kulia wali akapiga shuti lililopasua dirisha la ofisi yake. Daktari alikataa kioo kibadilishwe. Alikibandika selotepu, akaanza upya, safari hii akipima pia mguu wa kusimamia na msuli wa ndani ya nyonga unaoinua paja. Aliyoyapata ndiyo tunayofundishia mpaka leo. Kioo nacho bado kipo.

Hakuwa mtu rahisi. Kocha Natsume Teruo, anayefundisha watoto wa miaka kumi na miwili, alimbatiza jina la Mama Breki kwa jinsi alivyowasimamisha watoto wasicheze, na Daktari alipolisikia alilipenda.

Kilichomsumbua zaidi ni watoto kuficha maumivu. Katika umri wa kurefuka mfupa hutangulia, misuli hubaki nyuma, na kila shuti huvuta pale msuli wa paja unaposhikana na mfupa chini ya goti. Pakivimba na mtoto akaendelea kupiga, anaweza kubaki na goti bovu. Lakini akisema anaumwa anakosa mechi, kwa hiyo hasemi.

Ndipo Daktari akaagiza kwamba kila Jumamosi baada ya mazoezi watoto wawe wanakula wali wa kari kwenye tatami, mikeka minene ya Kijapani, wamepiga magoti na kukalia visigino. Mwenye goti bovu hawezi kukaa hivyo mpaka sahani iishe. Wazazi walidhani ni masomo ya adabu. Baba mmoja alimletea kikapu cha machungwa kwa kumlelea mwanawe vizuri, na Daktari aliyala bila kumsahihisha.

Aliyeugundua mtego huo ni Amano Ryohei, mpigaji faulo bora kuwahi kupita hapa. Fainali ya mkoa ilikuwa kesho yake, na watu wa klabu kubwa walikuwa wanakuja kumtazama yeye. Jumamosi ile alipiga magoti, akatulia tuli. Daktari alikuwa ameshampita aliposikia mtoto akimwambia mpishi kwamba sahani moja imemtosha. Ryohei alikuwa mtu wa sahani tatu. Daktari alirudi, akambonyeza chini ya goti kwa kidole gumba, na mtoto akalia mbele ya wenzake.

"Mechi moja tu, Daktari," Kocha Natsume alimsihi. "Acheze kesho, halafu ukitaka mfunge kamba."

"Hachezi. Na wewe unajua hachezi, ndiyo maana unaniomba badala ya kumpanga."

Tulifungwa moja bila. Dakika za mwisho tulipata faulo nje kidogo ya kumi na nane, mahali pa Ryohei hasa. Akapiga mwingine, mpira ukapaa juu ya mtambaa panya. Watu wa klabu kubwa hawakurudi tena. Mama yake Ryohei alimsubiri Daktari getini.

"Umemkata mwanangu mguu," alimwambia.

Kwa miaka mingi wakikutana sokoni mama huyo aligeuka kutazama samaki, na Daktari aliendelea kumsalimia. Ryohei alipumzishwa, akapona, akacheza, lakini ligi kuu hakufika. Kama angefika, hakuna ajuaye. Daktari, ambaye kwa kawaida hakosi kutukumbusha alipokuwa sahihi, kuhusu hili hakuwahi kusema neno.

Mwezi uliopita mikeka ya chumba cha kulia ilikuwa imechakaa, tukaita fundi. Akaja Ryohei. Ni kazi aliyofundishwa na mjomba wake, na hufanywa kwa magoti. Kutwa nzima alikata, akashona na kupanga mikeka, magoti chini, huku Daktari akipita mlangoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakuwa akitazama mikeka. Mchana mpishi akapakua kari.

"Ile fainali ningefunga, Daktari," Ryohei alisema, amekalia visigino.

"Najua. Hata siku ile nilijua."

Ryohei akamsukumia mpishi sahani yake na kuomba ya tatu. Daktari aliondoka kabla hajamaliza chakula chake, akijifuta macho. Alisema ni pilipili. Kari yetu haina pilipili.

Tutamuaga Jumamosi hii juu ya mikeka hiyo mipya. Sote tutapiga magoti isipokuwa yeye, maana magoti yake mwenyewe yalichoka zamani. Asante, Daktari Hosaka, kwa miguu ya watoto wetu. Tunakuombea siku ndefu na za raha, na siku hiyo kaa upendavyo, unyooshe miguu.