Pua ya Kuazima

Ejok, mama zangu. Ejok noi, nawasalimu kwa Kiturkana chenu. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa nafasi, kisha akaninong'oneza nisirefushe maana chai iko tayari. Nitajitahidi. Lakini mnatujua sisi watu wa pwani, tukishapewa nafasi ya kusema hatuiachi nusu.

Sitataja jina la mtu. Wengine wamo humu ndani, mwingine yuko Kakuma, na mmoja yuko kaburini.

Kwa wageni wetu: mimi ni mzaliwa wa Rabai, Mkristo kama wengi wenu, ila nililelewa Mombasa, na jirani yetu Mwislamu ndiye aliyenifundisha kupika udi nikiwa msichana. Nikaolewa na mtumishi wa serikali. Alipohamishiwa Lodwar nilimfuata, chetezo changu nimekifunga ndani ya kanga. Watu walinicheka. Nani atafukiza nguo kwenye vumbi hili? Baadaye waliocheka ndio waliobisha mlango wangu wakitaka udi wa Krismasi.

Udi mwingine nilikuwa napeleka Kakuma, kwa mama wa Kisomali na wa Kisudani kule kwenye kambi ya wakimbizi. Huko ndiko nilikokutana na mwenzangu. Ni mwanamke wa Kongo, mbunifu wa mavazi. Nasema mbunifu, sisemi mtia viraka. Anaweza kukutazama ukipita njiani, akakukatia gauni bila kukupima, na likakukaa.

Yeye ndiye aliyeleta wazo. Aliniambia, "Dada, mimi nashona gauni ya arusi, wewe unapika udi. Juu ya nini kila gauni isikuwe na harufu yake yenyewe?" Basi tukaanza. Alikuwa ananipa kipande cha kitambaa, nakaa nacho, nakishikashika, kisha napika udi wa kukifaa. Lesi inataka kitu chepesi, mawaridi kidogo. Satini inabeba miski. Gauni likishashonwa tunalitandaza juu ya tenga lililopinduliwa, chetezo chini yake, moshi unaingia kwenye nyuzi taratibu. Bibi arusi akipita kanisani, watu wanageuka kabla hawajamwona. Ndugu zangu, nilikuwa na raha mwaka ule ulipoanza. Sitawaficha, nilikuwa na maringo pia.

Mwaka huohuo wa 2012 mume wangu akafa. Aliugua, akalazwa, akafa. Sina maneno ya kupamba hapo. Nilimzika kwao, nikarudi Lodwar kwa sababu sikujua pengine pa kwenda.

Baada ya mazishi nikapata homa mbaya, pamoja na mafua yaliyoziba kichwa chote. Nilipoinuka kitandani chakula hakikuwa na ladha. Nikasema ni majonzi. Ugali ulikuwa kama mchanga, samaki wa Kalokol ambaye mnajua anavyojitangaza tangu stendi, mimi nilimla kama nakula karatasi. Udi nao nikauona hafifu. Nikawalaumu wafanyabiashara wa Mombasa, nikasema wananiletea vijiti vya kuni. Niliwapigia simu nikawatukana. Maskini, hawakuwa na kosa.

Sasa sikilizeni, mama zangu, maana hapa ndipo nilipoangukia. Udi wetu hupikwa na sukari. Sukari inayeyuka, inachemka, inageuka rangi, na kuna mahali pamoja tu pa kuepua sufuria. Jicho haliwezi kukuambia ni wapi, kwa sababu rangi ya kuiva na rangi ya kuungua ni majirani. Pua ndiyo inayosema, "Sasa!" Mimi nilisimama pale nikingoja pua yangu iseme, na haikusema kitu. Nikaendelea kukoroga.

Udi ule ndio niliofukizia gauni la binti mmoja wa hapa Lodwar. Mwenzangu alikuwa ameshalimaliza na kulituma, kwa hiyo nililifukiza peke yangu nyumbani. Binti akalivaa, akaenda kanisani ananuka nyumba iliyoungua. Nawaambia kama lilivyokuwa. Mtu anaingia kwenye ndoa na harufu ya moto wa msiba! Mama yake aliinama muda wote wa ibada, nami nikadhani ni machozi ya furaha.

Na hakuna aliyeniambia. Hata mmoja. Kila mtu alinisalimia vizuri, akaniuliza hali, akaniambia pole kwa mume. Ila hakuna aliyekuja tena kununua udi. Mwenzangu aliniletea kipande kingine cha kitambaa, mteja akasikia ni mimi nitakayepika, akaghairi. Nikawa nakaa mlangoni naona watu wanavuka upande wa pili wa barabara. Nikajiambia, ni kwa sababu mimi ni mjane. Wananiona nina mkosi. Na kila siku ilipopita niliamini zaidi.

Ilibaki shati moja la mume wangu ambalo sikulifua. Nilikuwa nimelifungia kwenye sanduku la bati, nikijiwekea akiba ya siku mbaya. Siku mbaya ikafika. Nililitoa, nikajifunika nalo uso, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna kitu. Si jasho lake, si sabuni, si hata vumbi. Nikasema, huyu mtu ameniacha mara ya pili.

Tangu siku hiyo nililala tu. Sikuoga, sikupika. Nilimwomba Mungu anichukue, na sikuwa natania naye. Ndugu zangu, nawaambia hivi kwa sababu najua humu ndani yumo anayeomba dua hiyohiyo leo na amevaa vizuri kabisa.

Ikaja 2013. Uchaguzi ukapita, kaunti zikaanza, Lodwar ikajaa maofisa wapya wenye wachumba. Mwenzangu akawa na magauni mengi. Siku moja akaomba ruhusa ya kutoka kambini, akapanda lori, akaja kwangu. Alinikuta kitandani. Hakunipa pole. Alivuta kibao akakaa.

"Dada, nakuja kukuambia kitu mubaya," alisema. "Ile udi ya arusi iliungua. Mama ya bibi arusi aliniambia. Mimi nilifikiri mutu mwingine wa huku atakuambia. Nilikosa, ilifaa nikuje mapema."

Nilikasirika! Niliketi, nikamwambia mimi nimepika udi tangu sijavunja ungo, hanifundishi kazi mtu anayejua sindano tu. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Akavuta uzi kwenye pindo la sketi yake, akawasha kiberiti.

Wale mnaoshona mnaijua kazi hiyo. Fundi akitaka kujua kitambaa ni cha nini huchoma uzi wake, akanusa. Pamba hunuka karatasi. Hariri hunuka nywele. Nailoni hunuka plastiki. Aliuchoma ule uzi akauleta chini ya pua yangu.

"Ni ya nini?"

Niliuona moshi. Niliona unaniingia puani. Machozi yakanitoka kwa ukali wake. Sikunusa kitu.

Akachoma mwingine. Akachoma na wa kanga yangu. "Na hii?" Nikavuta pumzi tena, bure. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna mkosi, hakuna udi mbovu wa Mombasa. Pua yangu ilikuwa imekufa. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, Mungu anisamehe.

Kisha nikapata tumaini, tena tumaini la kijinga. Kama mimi ndiye nisiyenusa, basi mume wangu yumo bado shatini! Nikalitoa haraka, nikampa. "Nusa wewe. Niambie yuko vipi."

Akalishika kwa mikono miwili. Alinusa kola, akanusa makwapa, akanusa tena kola. Nilikuwa namtazama mdomo kama mtu anayengoja hukumu. Angeweza kunidanganya. Ningeamini neno lolote.

"Haina kitu, dada," alisema. "Ni chuma ya sanduku tu. Bwana yako haiko tena humu."

Neno hilo lilinikata, nikakaa chini. Lakini nikiwa pale sakafuni nikawaza, mwanamke huyu ameshindwa kunidanganya hata kwa hili. Basi nikimuuliza kuhusu sukari, atasema kweli. Nikainuka nikaoga.

Hospitalini waliniambia pua wakati mwingine hurudi, wakati mwingine hairudi. Yangu haijarudi. Nilihamia Kakuma kwa muda, nikawa napika kando ya cherehani yake. Hajui majina ya manukato, lakini anajua vitambaa, basi tukapatana: pamba ni bado, hariri ni tayari, nailoni ni kuungua. Anashona huku ananiambia, "Sasa iko pamba. Bado pamba. Inaanza hariri, dada, inaanza... nailoni, toa, toa!" Nami natoa. Mara za kwanza tulimwaga sufuria nzima. Siku tuliyopata ule wa kwanza mzuri alizima cherehani, akaniambia, "Hii ni hariri." Niliamini, ingawa kwangu ulikuwa mvuke tu.

Nilikwenda pia kwa mama wa yule bibi arusi. Yumo humu, haoni haya nikisema. Alinishika mkono akasema, "Mama, mimi nilionea wewe huruma. Uko na msiba, nitasema aje nguo iko na harufu ya kuchomeka?" Ni huruma ya kweli. Simlaumu. Lakini huruma hiyo, jamani, ilinilaza kitandani karibu nife.

Kwa hiyo nawashukuru nyinyi nyote mlionipokea kwenye kikundi. Namshukuru mama huyu. Na yule wa Kakuma, shukrani zake sizimudu. Somo langu ni dogo: ukisikia kitu cha mwenzako kinaungua, mwambie, hata kama amevaa nguo za msiba.

Kuna usiku bado nalia. Sitawaambia nimepona. Lakini leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nijue pua yangu imekufa, nimepika udi peke yangu hapa Lodwar, nikahesabu mapovu, nikaepua kwa kubahatisha, nikafukiza gauni hili nililovaa. Sijui ninanukia au ninanuka. Msinipigie makofi. Piteni mbele mmoja mmoja, mninuse, mniambie.