Nguzo ya Chumbani

Fundi dari alikuwa anasinzia dirishani, mzee aliyekaa naye kwenye basi akajitapa kwamba amefunga bodi za jipsamu chumbani kwake, chini ya dari ya zamani, peke yake.

Usingizi ukamruka. Miaka ishirini kazini, hajaona mtu mmoja akiinua bodi ile shingo ikabaki salama. "Acha utani, mzee wangu. Nani alikushikia?"

"Nguzo. Mbao ndefu, na nyingine fupi nimeilaza kichwani mwake, kama herufi T. Nikaivika gauni la marehemu mke wangu isije ikachubua bodi. Ilishika bila kulalamika. Mwenyewe enzi zake asingenyamaza."

Fundi akacheka, kisha akauliza kama skrubu zimefika kwenye boriti. Zimefika zote. "Basi nguzo umeshaitoa."

"Wiki ya tatu hii, ipo palepale."

"Ya nini, mzee? Bodi haianguki tena! Utakuja kujikwaa gizani uvunjike kiuno bure."

"Sijikwai. Najua anaposimama."

Fundi alikuwa bado na hoja, tena nzito, lakini basi likasimama. Mzee akajikokota hadi mlangoni, akageuka.

"Hebu niambie, fundi. Nikiitoa, mle chumbani tutabaki wangapi?"