Bi. Ciakuthii na Bolti Zilizokatika

Bi. Ciakuthii Rwamba anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2004, baada ya kuitumikia karakana ya chama chetu cha ushirika, hapa Embu, kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake. Wapo mafundi kumi na mmoja walioshika spana pamoja naye, na bado nikateuliwa mimi. Nashuku hawakuniteua kwa sababu ya mwandiko wangu.

Alizaliwa Kanja mwaka 1949, akajifunza ufundi kwa marehemu mumewe aliyekuwa na gereji ndogo mjini, na akaajiriwa hapa Mei 1978. Sifa yake kubwa ilikuwa kutoa bolti zilizokatikia ndani ya injini. Asiyeijua kazi hii aambiwe: bolti ikishikwa na kutu, fundi akiivuta kwa nguvu kichwa kinang'oka, na kipande kinachobaki ndani hakina mahali pa kushikwa na spana. Lori la kahawa linaweza kulala karakana wiki mbili kwa sababu ya kipande kisichozidi ncha ya kidole. Bi. Ciakuthii alikitoa kwa asubuhi moja, na lori likaenda zake.

Sasa nikiri. Kwa miaka mitano sikumwamini hata kidogo. Kila wiki alitia sahihi kwenye kitabu changu akachukua mishumaa miwili. Karakana ina stima. Fundi wa mchana anataka mishumaa ya nini? Halafu kabla ya kuanza kazi alikuwa akiziba injini kwa matambara, kila tundu, kama mtu asiyetaka ionekane anafanya nini. Na zaidi ya hayo, rekodi zangu zilionyesha kwamba kabla hajaja, bolti zilizokatika zilikuwa tatu au nne kwa mwaka. Baada ya kuja zikawa thelathini. Nikajiuliza, na mtu yeyote mwenye akili angejiuliza, ni nani anayezikata.

Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao, na ulikuwa na tundu karibu na rafu ya grisi. Tundu lile lilitokea vipi, sitasema. Siku moja ya Machi 1983 nilichungulia nikamwona kwa macho yangu mwenyewe: ameshika spana, na badala ya kufungua bolti alikuwa anaikaza. Kulia, si kushoto. Nikasema moyoni, leo nimemkamata. Siku hiyohiyo nikamwandikia barua meneja wetu wa wakati huo, Bw. Nyaga, kwamba fundi huyu anakata bolti makusudi ili aonekane wa maana.

Meneja akatuita sote karakana. Lori moja la chama lilikuwa na bolti mbili za ekzosi, lile bomba la moshi, zenye shida: moja imekatikia ndani, nyingine imeshikwa na kutu lakini bado nzima. Akamwambia Bi. Ciakuthii aitoe ile iliyokatika mbele ya watu wote, na ikimshinda, aache vifaa vya chama mezani aende nyumbani moja kwa moja. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne shuleni. Hakubabaika. Aligeukia upande wa stoo, nilikosimama mlangoni, akaniambia, "Baba Gacheri, kuja hapa karibu. Kwa hiyo shimo huoni mzuri." Watu walicheka mpaka nikatamani kurudi ndani nijifungie.

Mshumaa niliushika mimi. Alipoziba matundu, nikaona ni ili chembe za chuma zisiingie kwenye injini. Akachomelea nati juu ya kile kipande, na chuma kikiwa bado cha moto akaniagiza nikiguse kwa mshumaa. Nta ikayeyuka ikazama kwenye nyuzi za bolti. Kisha akaikaza kidogo, kulia, ili kuivunja ile kutu. Halafu kushoto. Kulia tena kidogo, kushoto zaidi. Ikatoka yote, inameta kwa nta.

Mimi bado nilishuku. Nikasema hata mtu wa stoo angeweza. Akanipa spana na kunionyesha bolti ya pili. Nilivuta kushoto kwa nguvu zangu zote, na kichwa cha bolti kikanibakia ndani ya spana. "Sasa hii ya kukatika andika jina yako," akaniambia. Hapo fundi Njagi akakohoa, akaeleza kwamba zamani bolti zilikatika vilevile, ila mafundi walizifunika kwa grisi na kuliachilia gari liende likinguruma. Tangu alipokuja mtu wa kuzitoa, hawakuwa na haja ya kuficha.

Kisa hiki tumekichekea miaka ishirini. Katika muda huo amefundisha mafundi tisa, na wawili wao wana gereji zao Maua, wanatengeneza pikapu za miraa. Ningependa kuishia hapo.

Lakini mwezi uliopita nilifungua faili lake kutafuta tarehe za wasifu huu, nikaikuta barua yangu humo. Meneja hakuitoa, na mimi sikukumbuka kuomba itolewe. Bi. Ciakuthii aliomba nafasi ya fundi mkuu mwaka 1989, na tena 1996. Mara zote mbili mtu aliandika pembeni: tazama barua ya Machi 1983. Mara ya kwanza nafasi ilikwenda kwa fundi aliyefundishwa naye. Anastaafu leo na cheo alichopata mwaka 1981, na aliyemzuia ni mimi. Nililia pale ofisini, mtu mzima, faili mkononi.

Nilikwenda kumwambia, nikidhani nampelekea habari. "Walinisomea hiyo barua kwa intavyuu," akasema. "Nilijua iko. Nilikuwa nangoja wewe uende uitoe."

Ofisi inasema karatasi ikishaingia kwenye faili haitolewi. Basi nimeomba wasifu huu nao uwekwe humo, juu ya ile barua, na sahihi yangu chini: Bi. Ciakuthii Rwamba hakukata bolti hata moja makusudi. Nilimsingizia.

Bi. Ciakuthii, wenzako wote wanakushukuru kwa kazi yako. Mimi nakuomba msamaha. Ufike Kanja salama, na siku zako huko ziwe njema kuliko tulivyokufanyia hapa.

Mbaabu Thuranira
Mtunza stoo