Nukta Iliyotoweka kwenye Ubao wa Khazana

Kijiwe chetu ni benchi la Lalta muuza chai, hapa Kanpur, India, linatazamana na duka la vitamu la Khazana. Jana jioni Nandlal, kijana mwandika mabango, alimaliza kuandika ubao wa duka lile. Akatia nukta mbili chini ya herufi za Kihindi, maana nukta hutiwa mwisho na ndiyo hukauka mwisho, na mwenye duka akamlisha ladu, kitamu cha mviringo, mbele ya mtaa mzima. Ladu hiyo ya nukta nimeila mimi miaka thelathini! Na Nandlal nimemfundisha mimi kushika brashi, mimi ninayeitwa Brashi hapa kijiweni. Wivu? Ndiyo, nilimwonea, msinitazame hivyo. Leo asubuhi ubao bado umeegemezwa ukutani, nukta moja haipo, nami nimejifunika shali yangu gubigubi. Si mnajua baridi ya Januari.

— Kunguru huyo, akasema Redio, kinyozi wetu. Kadhani punje ya komamanga. Haraka haraka haina baraka!

— Kunguru gani anakula rangi, wewe? Kamusi, mwalimu mstaafu, akapuliza chai yake. Hicho ni kijicho. Mtoto mzuri si hupakwa doa la wanja, jicho baya litue hapo? Basi limetua kwenye nukta, likaondoka nayo.

— Loo! Jicho lina mikono?

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

— Jembe linaingiaje hapa, mwalimu?

— Limeshaingia. Kunywa chai.

— Mimi naona hakuitia, nikasema. Kijana anajua kujipendekeza, nukta hajui. Mnamsifia bure.

— Brashi, acha hizo! Redio akanikemea. Jana tuliiona wote, nyekundu, imeviringana kama dengu. Hata wewe hujawahi kutia nukta nzuri vile.

Nikaimeza chai ya moto hivyo hivyo.

Mara Nandlal huyo, kopo la rangi mkononi. Akainama akanigusa miguu kwa heshima, kama siku zote.

— Shikamoo, ustadhi. Njoo uitie wewe hiyo nukta. Nimemwambia mwenye duka, ladu ya leo ni ya mwalimu wangu.

Akaninyooshea brashi, kisha akakitazama kikombe changu.

— Ustadhi, mbona leo unakunywa chai kwa mkono wa kushoto?

Redio akakodolea macho kikombe chake. Kamusi akaitazama shali yangu. Chini ya shali, kidole changu cha mkono wa kulia kilikuwa bado chekundu, na Nandlal alikuwa bado ameninyooshea brashi.