Gunia la Kwenda Mgodini

Ndani ya basi, fundi wa kuchomelea alikuwa akimsifia nesi aliyekaa pembeni yake uzuri wa mji wa mgodini alikohamishiwa. "Utanenepa, dada. Dhahabu iko chini ya miguu, maghorofa yanaota kama uyoga, na jioni upepo wa ziwani unakubembeleza mpaka usingizi."

Nesi akalitazama gunia lililonibana magoti, mimi niliyekaa kiti kimoja nao, tangu stendi. "Hili la nani?"

"Langu," fundi akajibu. "Vitunguu, sabuni, chumvi kidogo."

"Kwani huko hakuna maduka?"

"Yapo tele. Ila bei zake ni za mabosi wa mgodi."

"Ndiyo neema hiyo?"

"Neema ipo, dada. Unaila na vitunguu vya kubeba."

Nesi alikuwa bado anambishia basi liliposimama kwenye soko la mwisho kabla ya mgodini. Akawa wa kwanza kushuka, kikapu kitupu mkononi.